Kutayarisha na kukausha mti wa upinde: mwongozo kamili kuanzia gogo bichi

Samaki hukunjwa angali mbichi. Mti wa upinde ukikunjwa ungali mbichi umeharibika, tena unaharibika kimyakimya. Unapinda laini, haulii, nawe unajipongeza kwamba umepata mti mzuri. Ukiuachia, haurudi wote. Nyuzi za upande wa ndani zimeshabonyea, na hata ukiuanika mwaka mzima baada ya hapo hazinyanyuki tena. Utapata upinde mlegevu unaodondosha mshale karibu na miguu yako.

Mti wangu wa kwanza haukufa kwa kukunjwa, ulikufa kwa jua. Niliukata asubuhi, nikauegemeza ukutani na gome lake, ncha zikiwa wazi, nikaenda zangu nikiamini jua ndilo rafiki wa anayekausha kitu. Usiku nikasikia "tak", kimya, kisha "tak" nyingine. Siku ya tatu ufa ulikuwa umeingia kutoka nchani kiasi cha mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na upande wa pili nyufa tatu ndogo zilikuwa zinakimbizana kuelekea katikati. Mti mzima ukawa kuni.

Kazi yote inabebwa na mambo hayo mawili. Mti mbichi unapasuliwa, unamenywa na kuchongwa umbo la mwanzo, lakini haukunjwi. Na maji yaliyomo ndani lazima yatoke polepole, kwa usawa, mpaka yafikie kiwango unachokijua. Kiwango hicho utakijua kwa mizani. Wengi hukuambia miezi: miezi sita, mwaka, miaka miwili. Kalenda haijui mti wako ulikuwa na maji kiasi gani, wala haijui chumba chako kina hewa ya namna gani.

Maji yanavyotoka

Ndani ya mti mbichi kuna maji yaliyojaa kwenye vijishimo vya nyuzi, kama maji ndani ya mirija, na kuna maji yaliyonywewa na kuta za nyuzi zenyewe. Ya kwanza hutoka bila mti kubadilika umbo. Unapungua uzito tu. Yakiisha, kiwango cha unyevu huwa karibu asilimia 30, yaani gramu 30 za maji kwa kila gramu 100 za mti mkavu kabisa. Kuanzia hapo kuta ndizo zinazotoa maji, na mti unaanza kusinyaa. Hapo ndipo nyufa huzaliwa.

Kusinyaa kwenyewe hakulingani. Kwa urefu, mti karibu hausinyai. Kutoka gome kuelekea moyo unasinyaa kiasi, na kwa kuzunguka, kufuata pete za ukuaji, unasinyaa takriban mara mbili ya hapo. Gogo la mviringo lenye moyo wake katikati halina njia ya kuepuka ufa: duara linataka kupungua kuliko kipenyo kinavyoruhusu, basi duara linachanika. Ndiyo maana gogo hupasuliwa mapema, ili kila kipande kipate nafasi ya kusinyaa bila kushindana na mwenzake.

Zaidi ya hapo, ncha zilizokatwa hutoa maji mara 10 hadi 15 kwa haraka kuliko ubavuni, kwa sababu mirija yote imefunguka hapo. Ncha inakauka na kusinyaa, katikati bado kumejaa, na mvutano huo unaanza kupasua. Kuziba ncha si mapambo.

Shina la kutafuta

Pata ruhusa ya mwenye mti au ya wanaosimamia msitu kabla hujagusa msumeno. Kisha tafuta shina lililonyooka lenye mita 2 bila tawi. Upinde wa mtu mzima mara nyingi huwa na urefu wa mita 1.65 hadi 1.80, nawe unahitaji ziada ya sentimita 10 kila upande kwa ajili ya nyufa za nchani zitakazokupata hata ukifanya kila kitu sawasawa.

Kipenyo cha sentimita 12 hadi 20 ndicho kinachofanya kazi iwe rahisi. Mti mwembamba wa sentimita 6 au 7 unaweza kutoa upinde mmoja, ila mgongo wake utakuwa na mviringo mkali na utakusumbua ukichonga.

Soma gome kabla ya kukata. Mistari ya gome ikipanda wima, nyuzi za ndani nazo zimepanda wima. Ikizunguka shina kama kamba iliyosokotwa, kipande chako kitatoka kimejisokota kama pangaboi. Msokoto mdogo unarekebishika kwa mvuke; ukifika robo ya mzunguko kwa urefu wa upinde, uache mti uendelee kukua. Angalia pia vifundo. Kifundo kidogo kilicho hai kinavumilika, lakini vingi karibu na mahali patakapokuwa katikati ya mkono wa upinde (nusu yake, kutoka mshikoni hadi nchani) ni kujitafutia kazi ya bure. Shina lililokua limeinama nalo liache: upande mmoja wake umekua kwa mvutano tofauti na mwingine, na litajipinda likikauka kwa namna usiyoweza kuitabiri.

Kupasua

Pasua siku uliyokata, au kesho yake. Gogo linalosubiri wiki mbili kwenye ardhi lina nyufa zake tayari, na si lazima ziwe mahali unapopataka wewe.

Utahitaji kabari tatu au nne za chuma (za mti mgumu nazo zinafaa), nyundo nzito na kishoka. Msumeno haufai kwa hatua hii. Msumeno unakwenda ulikoelekezwa, kabari inafuata nyuzi, nasi tunataka kuona nyuzi zinakwenda wapi. Upinde uliokatwa kwa msumeno kuvuka nyuzi unavunjika pale nyuzi zinapotokea nje.

Lisimike gogo lisibingirike. Kwenye ncha, chora mstari unaopita katikati ya moyo. Kama kuna ufa mdogo tayari, ufuate huo. Weka kabari karibu na ukingo, igonge iingie kidogo, kisha weka ya pili upande wa pili wa moyo kwenye mstari uleule. Gonga kwa zamu. Sikiliza: mwanzoni mlio ni mzito na mfupi, kabari inapozama unapanda, kisha ghafla unasikia gogo likilia lenyewe bila kugongwa, mlio mrefu wa kuchanika, na mstari mwembamba mweusi unakimbia ubavuni kwenye gome. Acha kugonga. Ubaoni kunatoka harufu ya mti na pengine maji yanachuruzika kwenye kingo za kabari.

Sasa ingiza kabari ya tatu ndani ya ule mstari, hatua moja kutoka nchani. Ikizama, ile ya kwanza inalegea. Itoe, uihamishe mbele ya ya tatu. Endelea hivyo, kabari zikirukana, mpaka mwisho. Utaona nyuzi chache zimevuka kutoka nusu moja hadi nyingine kama madaraja. Zikate kwa kishoka. Ukizivuta kwa nguvu zitachuna kipande kizuri.

Ufa ukianza kukimbilia upande mmoja, nusu moja itatoka nene na nyingine nyembamba. Ufa huelekea upande unaopindwa zaidi. Kwa hiyo ukandamize upande mnene ili ujikunje, na ufa utarudi katikati. Ni hila ndogo lakini imeniokolea vipande vingi.

Gogo la sentimita 12 lipasue vipande viwili tu. La 15 hadi 20 litoe vipande vinne. Kila kipande kibaki na upana wa angalau sentimita 6 upande wa gome. Kisha chonga kwa kishoka ile pembe ya ndani yenye moyo wenyewe wa katikati kabisa. Haina kazi kwenye upinde na ndiyo inayoanzisha nyufa.

Gome, na uso utakaokuwa mgongo

Mgongo wa upinde ni ule upande unaomtazama adui au windo, na ndio unaovutwa upinde ukikunjwa. Kila uzi uliokatwa hapo ni mahali pa kuanzia kuvunjika. Hivyo namna ya kumenya gome inategemea mti ulionao.

Miti mingi ina mbao nyeupe ya nje iliyo imara. Hapo uso uliolala chini ya gome ndio mgongo wako, umeshatengenezwa na mti wenyewe, na kazi yako ni kutouumiza. Ukikata mti wakati unakua kwa nguvu, gome linatoka kwa mikono: unaingiza kijiti kilichochongwa kama kijiko, unasukuma, na linabanduka kama ganda la ndizi, huku uso wa chini ukiwa na utelezi. Ukikata wakati mti umepumzika, gome limeng'ang'ania, nawe utalikwangua taratibu kwa kisu cha mikono miwili. Acha utando mwembamba wa ndani ubaki, utautoa mti ukishakauka.

Miti mingine, kama mforosadi, Robinia pseudoacacia (black locust kwa Kiingereza) na Maclura pomifera (Osage orange), nguvu yake iko kwenye moyo wenye rangi, na ile sehemu nyeupe ya nje huondolewa. Hapo unashuka pete kwa pete mpaka upate moja ya kuifuata kuanzia ncha hadi ncha. Kila pete ina tabaka lenye vitundu, la mwanzo wa msimu, na tabaka gumu lililoshikana. Kisu kikiwa kwenye gumu kinateleza kimya na kutoa ukanda mrefu. Kikiingia kwenye lile la vitundu kinatoa mlio wa kukwaruza, kama unatafuna sukari guru. Sikio litakuambia umefika kabla jicho halijaona. Kwa sasa, mti ukiwa mbichi, usimalizie pete ya mwisho. Bakiza moja au mbili juu yake zife kwa nyufa ndogo badala ya ile utakayoitumia.

Mti wa Taxus baccata (yew kwa Kiingereza) una tabia yake: huachiwa weupe mwembamba wa milimita chache mgongoni, na moyo mwekundu unabaki tumboni, yaani upande unaomtazama mpiga upinde. Weupe unavumilia kuvutwa, moyo unavumilia kubonyezwa. Vumbi lake na majani yake ni sumu, basi uchonge umefunika pua na mdomo.

Na kama mti wako hauna pete zinazoonekana, jambo la kawaida kwa miti inayokua mwaka mzima, usihangaike kuzitafuta. Tumia uso uliokuwa chini ya gome kama ulivyo.

Kwa nini usiache gome tu, uepuke kazi hii? Bungua. Mdudu huyu hutaga chini ya gome, na watoto wake hutoboa mti huku nje ukionekana mzima. 

Kuziba, ndani ya saa ileile

Uso uliomenywa mbichi huanza kupasuka haraka, wakati mwingine kabla hujamaliza chai yako. Futa maji ya juu kwa kitambaa, halafu ziba ncha zote mbili na sentimita 5 za ubavuni kuzunguka kila ncha, kisha mgongo wote.

Cha kuzibia ni chochote kinachozuia maji: nta iliyoyeyushwa, gundi nyeupe ya mbao iliyopakwa mara mbili, vanishi, rangi ya mafuta. Mimi huweka nta nchani na gundi au vanishi mgongoni, kwa kuwa nta ikiingia mgongoni hunisumbua baadaye nikitaka kupaka kitu kingine. Nta iyeyushe kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ukiiweka juu ya moto moja kwa moja inaweza kuwaka. Tumbo na ubavu wa kipande viache wazi. Maji lazima yapate mlango wa kutokea.

Kabla ya kupaka chochote, pima uzito wa kipande na uuandike. Baada ya kupaka, pima tena. Tofauti ndiyo uzito wa nta na gundi, na utaihitaji kwenye hesabu.

Kuchonga umbo la mwanzo

Unaweza kukiacha kipande kizima kikauke hivyohivyo, kivulini, kimeinuliwa kutoka sakafuni kwa vijiti ili hewa ipite pande zote. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, nayo haiko mbali na ukweli. Kama una subira, kipande kizima ni salama kwa maana ya kwamba kasoro zitakazotokea bado zina mbao ya kuchongwa.

Lakini kwa miti myeupe isiyopasuka ovyo, njia ninayoipenda ni kuchonga umbo la upinde mti ungali mbichi. Kishoka huingia kama kisu kwenye jibini, na kipande chembamba hukauka kwa wiki badala ya miaka. Jambo hili lina umri. Yule mtu wa barafu aliyepatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alpi, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na upinde wa Taxus wa mita 1.82 ambao haujakamilika, alama za chombo cha kuchongea zikiwa bado wazi juu yake.

Vipimo vya umbo la mwanzo: upana wa sentimita 4.5 hadi 5 kutoka mshikoni hadi karibu katikati ya kila mkono, ukipungua hadi 3 nchani. Unene wa mikono sentimita 2, na uwe sawa kote, kwani mahali panene patachelewa kukauka na kuvutana na jirani yake. Mshiko uuache na sentimita 3.5 hadi 4, na kwa sababu huo ndio utakaochelewa, upake nta ubavuni nao. Usipoupaka, nyufa zitaanzia pale unene unapobadilika.

Usijaribu "kuona kama unapinda". Najua mkono unawasha. Weka chini.

Halafu funga kipande juu ya boriti iliyonyooka. Weka vijiti vya unene mmoja kati ya boriti na tumbo la kipande, kila baada ya sentimita 25 hivi, kisha zungushia tyubu ya baiskeli iliyokatwa mikanda. Tyubu ina faida kuliko kamba: kipande kikisinyaa, yenyewe inaendelea kubana. Kipande kinachokauka kimefungwa hutoka kimenyooka. Kinachokauka kimelala ovyo huchagua umbo lake. Ukitaka ncha zirudi nyuma kidogo kuelekea mgongoni, inua ncha kwa vijiti vya sentimita 2 au 3 wakati wa kufunga, taratibu. Kuelekea mgongoni tu. Upande wa pili ndio ule mkunjo niliokukataza mwanzoni.

Wiki 2 za kwanza ndizo za hatari. Chumba kisicho na jua wala upepo wa moja kwa moja. Si jikoni, si juu ya dari la bati. Mti unaojulikana kwa kupasuka ufunike kwa gunia au magazeti ili hewa iingie kwa shida. Plastiki usiitumie kwa muda mrefu, kwa sababu ukungu hustawi kwenye mti wenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20.

Mizani

Sasa uliza swali lenye jibu: kuna maji kiasi gani? Upinde unataka asilimia 8 hadi 10. Zaidi ya 12, unabaki umekunjika hata ugwe ukivuliwa. Chini ya 6, mti unakuwa kama biskuti, na siku moja utapasukia mkononi.

Mizani ya jikoni inayopima hadi kilo 5 inatosha. Kipande kirefu hakikai juu yake, basi ifunike kwanza na bakuli lililogeuzwa, uirudishe sifuri, halafu ulaze kipande juu ya bakuli kikae sawasawa bila kuegemea upande.

Siku ya kupasua, kata kijipande cha majaribio kutoka kwenye mabaki ya gogo lilelile. Kisitoke nchani, ingia angalau sentimita 20, maana nchani kumeshakauka. Kipime hapohapo. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 za Selsiasi (100 hadi 105 inatosha), ukipime kila baada ya saa chache mpaka uzito ukome kushuka. Kwa kijipande kidogo ni saa 24 au pungufu. Usikiache bila mtu karibu.

Tuseme kilikuwa gramu 120, kikaishia 75. Maji yalikuwa gramu 45. Gawanya 45 kwa 75, unapata asilimia 60. Kipande chako cha upinde, kilichokatwa kwenye mti huohuo siku hiyohiyo, nacho kina takriban asilimia 60.

Kama siku hiyo kipande chako kilikuwa na gramu 1,680, gawanya kwa 1.6. Uzito wake kikiwa kikavu kabisa ungekuwa 1,050. Lengo letu ni asilimia 9: zidisha 1,050 kwa 1.09, unapata karibu 1,145. Ongeza uzito wa nta na gundi uliouandika. Basi. Umeshajua tangu siku ya kwanza kwamba mizani ikisoma hapo, mti uko tayari, na kwamba zaidi ya nusu lita ya maji lazima itoke kwanza. Iandike namba hiyo kwenye boriti kwa penseli.

Ukichonga kitu katikati ya safari, pima kabla na baada ya kuchonga siku ileile, na upunguze lengo kwa uwiano huohuo. Ukiondoa sehemu ya kumi ya uzito, ondoa sehemu ya kumi ya lengo. Ukikata mbao zenye nta, hesabu haitakuwa ya gramu kwa gramu, lakini itakuwa karibu vya kutosha.

Pima kila siku wiki ya kwanza, saa ileile, kisha mara moja kwa wiki. Uzito utaporomoka mwanzoni, halafu utatambaa. Kama unaporomoka huku nyufa ndogo zikichungulia, funika. Kama hausogei kabisa wiki ya pili, fungua hewa zaidi. Daftari hilo litakufundisha tabia ya mti huo kuliko maneno yangu.

Kuna wanaogonga mti na kusikiliza, kuna wanaouweka shavuni kuhisi ubaridi. Mti mkavu kweli hulia juu zaidi, na mbichi kweli ni baridi. Lakini tofauti ya asilimia 9 na 13 shavu halitaisikia, na hiyo ndiyo tofauti ya upinde hai na mlegevu.

Usipokuwa na oveni, subiri mpaka uzito ukae palepale wiki tatu mfululizo. Hapo mti umelingana na hewa ya chumba. Ila mti umelingana na hewa ipi? Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50, mti hutulia karibu na 9. Kwenye 65, hutulia karibu na 12. Kwenye 80, hutulia karibu na 16, na hautashuka zaidi hata ukikaa hapo miaka 10. Anayeishi kwenye hewa nzito hawezi kumaliza kazi kwa kungoja tu.

Sanduku la joto

Hapo ndipo sanduku linapoingia. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha moto hadi nyuzi 35 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 45, na mti uliomo humo utatulia karibu na 8. Nyuzi 10 tu za joto.

Tengeneza sanduku refu la mbao au plaiwudi, urefu wa mita 2, na matundu machache chini upande mmoja na juu upande wa pili ili hewa ipite. Joto la balbu ya kizamani yenye waya ndani, ya wati 60 au 100, linatosha. Balbu za LED hazipashi. Balbu ikae mbali na mbao na kitu chochote kinachoshika moto, isigusane na ukuta wa sanduku, na uizime ukitoka nyumbani. Weka kipimajoto mahali kipande kilipo. Usizidi nyuzi 40.

Usiingize mti mbichi humo. Ngoja ushuke hadi asilimia 15 hivi kwa hewa ya kawaida, yaani gramu 1,208 au chini ya hapo kwa mfano wetu. Mti mbichi kwenye sanduku utakauka juu na kubaki na maji ndani, na utausikia ukilia kama wangu ule wa kwanza. Kwa umbo lililochongwa, hatua yote tangu kupasua inaweza kuchukua mwezi mmoja hadi mitatu.

Namba ikifika, utoe, uuache wiki nzima kwenye hewa ya chumba kabla hujaufanyia chochote. Maji yaliyobaki yanahitaji kujigawa sawa kati ya ndani na nje.

Kasoro

Ufa wa nchani ndani ya zile sentimita 10 za ziada: kata, endelea. Ufa mwembamba mgongoni unaofuata nyuzi kwa urefu, usiotokea ubavuni, unazibika kwa gundi nyepesi ya haraka na upinde ukaishi. Ufa unaokatiza kuelekea ubavuni ni wa kuni.

Kipande kilichojipinda pembeni au kujisokota kinanyooshwa kwa mvuke: kiingize kwenye mvuke saa moja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kibane kwenye boriti kingali moto, kikae hapo mpaka kipoe kabisa. Mvuke huongeza maji, kwa hiyo rudi kwenye mizani. Siku chache hadi wiki mbili hupotea.

Ukiona vitundu vya mviringo na unga laini chini yake, bungua wamo. Mti ukishakuwa mkavu, wauawe kwa joto: kiwango kinachotumika kimataifa kwa mbao za kufungashia mizigo ni nyuzi 56 katikati ya mbao kwa dakika 30. Ukiona vitundu ishirini badala ya viwili, usihangaike na joto.

Kufika kwenye mkunjo wa kwanza

Toa tyubu, kwangua nta na gundi, shuka kwenye pete yako ya mwisho kama mti wako ni wa moyo. Pima mara ya mwisho na uandike uzito na tarehe tumboni kwa penseli. Simamisha ncha moja sakafuni, shika ncha ya juu, mkono mwingine mshikoni, ukandamize kidogo tu, sentimita 2 au 3, kisha uachie na uutazame kwa ubavu ukilinganisha na boriti. Ukirudi ulivyokuwa, anza kupunguza unene. Ukibaki na mkunjo hata mdogo, wakati mizani inasema asilimia 9, kuna mahali hesabu imekosewa, mara nyingi kwenye kijipande cha majaribio kilichotoka karibu na ncha. Urudishe kwenye sanduku wiki moja, upime tena.

Kipande kisichotumika mara moja kihifadhi kikiwa kimelala, si kimeegemezwa ukutani, mbali na sakafu. Mvua zikianza kipime upya kabla ya kukichonga. Kinaweza kuwa kimekunywa gramu 40 au 50 za maji ya hewani bila kubadilika sura hata kidogo.